Habari za Saa Mbili

Sista Kokubelwa alivifunga kwenye gazeti
kama mtu anayefunga maandazi,
akanivuta nyuma ya pazia la kijani:
"Holo, mionzi imepiga ugonjwa, ila haichagui.
Njia yako itataka kujifunga. Usiiache.
Mara tatu kwa wiki, dakika kumi,
anza na hiki chembamba. Na jeli usiionee haya."
Nikashuka mteremko wa Bugando
na plastiki nne kwapani, chini ya khanga,
nikisalimia watu.

Waliniambia kutapika. Waliniambia uchovu.
Hedhi ilipokoma nilidhani imepotea njia,
itarudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Nina miaka thelathini na sita.
Mama ana sitini na moja.
Usiku tunakutana uani, kila mtu na jasho lake,
tunagombea mfuniko mmoja wa ndoo kujipepea.
"Na wewe?" aliniuliza siku ya kwanza,
akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja
kama aliyemwaga mboga ya watu.
Hapa Mabatini nyumba zimekalia mawe,
na jiwe hulitunza jua mpaka usiku wa manane.
Ndivyo nilivyo: jua limekwisha kuzama,
mimi bado nawaka.

Kazi yangu ni dagaa, mwaloni Kirumba.
Habari za kukauka nazijua kuliko daktari.
Dagaa aliyekaukia mchangani
ukimbandua kwa haraka, kichwa kinabaki.
Kwa hiyo Lubango alipojaribu, mwezi wa nne,
polepole, kwa adabu zake zote,
niliuma mto.
Akaona damu kwenye shuka, tone moja tu,
akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka alfajiri
akidhani ameniamshia ugonjwa.
Hakuuliza. Sikusema.
Miezi miwili tulilala kama wapangaji
waliogawana chumba kwa chaki.

Wifi akasema mwanamke ni kizazi.
Nikamjibu, basi mimi ni nini, gunia?
Akanyamaza. Nami nikanyamaza,
maana swali lilinirudia mwenyewe, likakaa.

Aliyekifumua kile kifurushi ni Shija, mtoto wa mwisho.
Akatoka nacho barazani: "Mama, mshumaa huu hauna utambi."
Lubango akamnyang'anya. Akakigeuza. Akanitazama.
Ilibidi niseme yote, kwa sauti ndogo, nikichambua mchele,
na mengine hayana jina la adabu
kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma,
hayo nikayachora kwa kidole kwenye ungo.
Alipoelewa aliuliza kitu kimoja:
"Dakika kumi utazijuaje, na saa yako ilikufa?"

Tangu hapo redio ndiyo saa.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
habari za saa mbili zikianza
naingia chumbani, nafunga komeo, nalala chali.
Yeye anaweka benchi mlangoni,
anaongeza sauti, anafukuza watoto:
"Mama yenu anasikiliza habari."
Bei ya pamba. Bunge. Mvua za Ukerewe.
Siku moja nililia machozi juu ya mahindi ya Rukwa,
aliyenisikia angesema nina shamba huko.
Michezo inapofika natoa, naosha, nakausha.

Jana nilipotoka alipunguza redio.
"Kuna jipya?"
"Namba mbili," nikasema.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia
barabara ya kwao imeanza kupitika,
na hakutaja safari.
Akasogea. Nikakaa.
Tukasikiliza matangazo ya vifo,
jina kwa jina, mpaka mwisho.